Unashuka Kigoma kuwaona Simba na Yanga? Fungua boneti kwanza

JULAI 25, 2021, Kigoma ilisimama. Simba na Yanga zilikutana Uwanja wa Lake Tanganyika kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, na bao pekee la Taddeo Lwanga likampa Mnyama ubingwa.

Miaka miwili baadaye Mashujaa ikapanda Ligi Kuu Bara kwa msimu wa 2023/24. Tangu hapo vigogo wa Kariakoo hawafiki tena mwisho wa reli kwa bahati nasibu, ratiba ndiyo inayowaleta.

Kwa shabiki wa Kasulu, hiyo ni safari ya karibu kilomita 100 kushuka ziwani. Wa Kibondo anakula zaidi ya 200. Washkaji wanachanga hela ya mafuta, wanajazana kwenye Noah, bendera dirishani, vuvuzela mkononi. Tairi zinapigwa teke, jezi zinakaguliwa, safari inaanza.

Kitu kimoja hakiguswi. Boneti.

Na huko chini ya boneti ndiko kutu inakokaba kimya kimya.

KUTU INAKOTOKA
Milima ya Kigoma ina vumbi jekundu wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Vumbi likijikusanya kwenye pembe za bodi linashika unyevu kama sifongo. Mvua za huku huanza Oktoba au Novemba na kumalizika Aprili au Mei, yaani zinacheza na ligi karibu msimu mzima.

Ongeza betri inayovuja maji yake ya asidi, na mafuta ya breki ambayo yakidondoka tu yanabandua rangi. Tena magari mengi ni mitumba ya Japan, na kule maeneo yenye theluji barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Mengine yanashuka bandarini yakiwa tayari na kutu yake.

SEHEMU TATU ZA HATARI
Ya kwanza ni kile kibati kinachobeba betri. Kikiliwa, betri inacheza kila kwenye shimo. Nati ya chanya ikigusa bodi, cheche zinaruka na moto unaweza kuwaka, ndani mkiwa watu wanane.

Ya pili ni loki ya boneti na bawaba zake. Loki ikilika, boneti inaweza kufunguka gari likiwa kasi na kumziba dereva kioo chote. Fikiria hilo likitokea kwenye mteremko.

Ya tatu ni mabomba ya breki. Hapa hakuna mjadala. Bomba lenye kutu ya vishimo halipakwi rangi, linabadilishwa.

KAZI YENYEWE
Wengi hupuliza rangi juu ya kutu, gari linang'aa, maisha yanaendelea. Hiyo ni sawa na kumvalisha jezi mpya beki aliyechanika msuli. Kwenye picha ya kikosi anapendeza, dakika ya kumi anatolewa kwa machela. Kutu inaendelea kula chini ya rangi.

Kwanza injini ipoe. Chukua spana namba 10, fungua waya wa hasi wa betri kabla ya ule wa chanya, kisha toa betri nje. Ule unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji yenye magadi, yatatoa povu kwa sababu yanaua asidi. Suuza, kausha kabisa.

Piga brashi ya waya mpaka magamba yote yatoke. Fuata msasa mkali, namba 80, malizia na laini kama 240. Vaa miwani na funika pua. Chokoa kwa bisibisi: ikipenya, bati limeisha, hilo ni la fundi wa kuchomelea. Boliti ndogo zilaze kwenye siki usiku mmoja, kisha zisuguliwe, zioshwe na kukaushwa.

Futa vumbi na grisi kwa kitambaa chenye tina. Usiliache bati tupu hadi kesho, maana wakati wa mvua kutu inarudi ndani ya saa chache. Pakaa praima siku hiyohiyo.

Kabla ya kupuliza, funika nyaya, mikanda, mipira na rejeta kwa gazeti. Hata ukurasa huu ukishausoma unafaa. Puliza rangi nyepesi mara mbili au tatu, ukisubiri ikauke kila mara. Ukimwaga nyingi kwa mpigo, itachuruzika na kubanduka.

Pale waya wa ethi unapofungwa kwenye bodi pasipakwe, bati lazima liguse bati. Loki ya boneti ipakwe grisi kwenye sehemu zinazocheza, siyo rangi. Ekzosi inataka rangi yake ya kuhimili joto kali, ya kawaida itaungua na kutoa moshi.

Na ile tabia ya kumwagia oili chafu ili kuzuia kutu? Inakamata vumbi zaidi na kuharibu mipira. Achana nayo.

ANZA ALHAMISI
Kama mechi ni Jumamosi, kazi hii ianze Alhamisi ili rangi ipate siku nzima ya kukauka. Ijumaa rudisha betri, safari hii ukianza na chanya, kisha hasi. Ishike kwa mikono miwili uitikise, isisogee. Funga boneti, jaribu kuinyanyua bila kuvuta loki, isifunguke.

Baada ya hapo panga watu wako. Mkifungwa mtarudi Kasulu mmenuna, lakini mtarudi.