Dawa za Asili za Puani kwa Maradhi ya Ubongo

Mlaji wa Mbagala au Tegeta anayemuuguza mzazi mwenye kutetemeka au kupoteza kumbukumbu huweza kuuziwa unga wa kunusa, mafuta ya kudondosha puani au majani ya kujifukiza, kwa maelezo kwamba dawa ya puani hufika ubongoni moja kwa moja.

Maelezo hayo yana chembe ya ukweli. Juu kabisa ndani ya pua, neva za kunusia hupenya vitundu vya mfupa mwembamba na kuingia ubongoni. Kwa kuwa dawa nyingi zinazomezwa huzuiwa na kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo, watafiti wanajaribu kupitisha viini vya mimea katika njia hiyo. Lakini majaribio hayo kwa sehemu kubwa yamefanyika kwa panya, ambaye eneo lake la kunusia huchukua takriban nusu ya pua. Kwa binadamu eneo hilo halifiki hata moja ya kumi.

Tuchukue mfano wa upupu. Mbegu zake zina levodopa, kemikali ileile iliyomo katika vidonge vya ugonjwa wa Parkinson. Hata hivyo, levodopa haipandi na mvuke. Anayejifukiza nyungu ya upupu hapati levodopa, anapata joto tu. Anayenusa unga wake hajui amevuta kiasi gani, na vinyweleo vya ganda lake, ambavyo kila aliyepita porini anavifahamu, huwasha ngozi, seuze utando wa pua. Anayeumeza huku akitumia vidonge huzidisha dozi: mwili hujinyonganyonga, shinikizo la damu hushuka, na mgonjwa huweza kuona visivyokuwapo. Ikumbukwe pia kwamba wagonjwa wengi wa Parkinson hawasikii harufu vizuri, hivyo ukali wa dawa hauwaonyi.

Mafuta yanayodondoshwa puani mara kwa mara huweza kuteremka mapafuni na kuleta nimonia. Maji ya kisima yasiyochemshwa yasiingizwe puani kamwe; huweza kubeba amiba adimu inayoshambulia ubongo na kuua.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni kuacha vidonge ghafla kwa sababu muuzaji ameagiza hivyo. Mgonjwa wa Parkinson akikatishwa levodopa ghafla huweza kukakamaa, kupata homa kali na kufariki. Aidha, kusahau hakutokani na Alzheimer peke yake: upungufu wa vitamini B12, kaswende na maradhi ya tezi ya shingo huweza kuleta dalili hizo, nayo yana tiba hospitalini iwapo hayatacheleweshwa.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Kabla ya kulipa, omba kuonyeshwa cheti cha usajili cha mganga na cha dawa yenyewe, kisha ipeleke chupa au pakiti kwa daktari anayemtibu mgonjwa. Muuzaji akikataa kutaja mmea uliomo, usinunue.