Injini ya Mashua Baada ya Kusi

Wakati wa kusi kali, kati ya Aprili na Septemba, wavuvi wengi wa pwani yetu huziweka injini zao nyumbani. Bahari ikitulia, injini huwaka, lakini hukohoa na kutetemeka. Jambo hili lisipuuzwe, kwa maana injini ikizimika karibu na mwamba, mawimbi yaweza kuivunja mashua.

Usikimbilie kununua vipuri. Kwanza iondoe petroli ya zamani. Petroli iliyokaa miezi mingi hupoteza nguvu, tena huacha utomvu katika vijitundu vya kabureta. Na unyevu nao huleta maji tangini. Tia petroli mpya. Kama injini ni ya kuchanganyiwa oili, fuata kipimo cha mtengenezaji. Kwa injini nyingi ni lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili.

Ikiwa bado inakohoa, zifungue plagi. Plagi nyeusi iliyolowa ni dalili ya silinda isiyochoma vema: isafishe au uibadilishe. Mwisho, safisha kabureta.

Na kabla ya kusi ijayo, iwashe injini ndani ya pipa la maji matamu, kisha uchomoe mpira wa petroli mpaka izimike yenyewe. Hapo kabureta italala tupu.