Ndama Wanaotoka Jasho la Damu

Ukimvalisha ndama hereni, tundu la sikio hutoa tone moja, mawili, kisha hukauka. Mfugaji hana haja ya kutazama mara ya pili. Kusini mwa Ujerumani, kuanzia mwaka 2007, matundu hayo yakakataa kukauka. Ndama wa wiki mbili au tatu, aliyekuwa akirukaruka bandani jana yake, alikutwa asubuhi manyoya yamelowa damu. Ilitoka penye hereni, penye alama ya sindano, hata mahali ambapo jicho halikuona jeraha lolote. Wafugaji wakasema ndama wao wanatoka jasho la damu. Wengi wa walioonyesha dalili hizo walikufa. Baada ya Ujerumani ikawa zamu ya Ubelgiji, Ufaransa, Uholanzi na Uingereza.

Damu yao ilipopimwa, kilichokosekana ni chembe sahani. Hizi ni vipande vidogo vilivyomeguka kutoka kwenye seli kubwa za uboho. Havina kiini, na maisha yao ni ya siku chache tu. Kazi yao iliwekwa wazi mwaka 1882 na Giulio Bizzozero, daktari wa Turin, aliyetazama kwa hadubini mishipa midogo ya wanyama walio hai na kuziona zikirundikana pale mshipa ulipojeruhiwa. Mshipa ukitoboka, chembe sahani zinazopita hunasa kwenye ukingo wa jeraha, hubadilika kutoka bapa na kuwa zenye miiba, kisha humwaga kemikali za kuita nyingine. Ni kama mabaharia wanaokimbilia kuziba tobo la jahazi kwa chochote kilicho karibu: kalafati ya kweli, yaani nyuzi za fibrini, inafuata nyuma yao.

Lakini kazi yao haisubiri jeraha. Mishipa midogo huvuja kidogo kila siku kwa sababu tu mnyama anatembea, anatafuna, anajikuna, na chembe sahani huziba kimyakimya. Zikipungua mno, damu hupenya hadi chini ya ngozi. Ndiyo maana daktari wa mifugo akishuku tatizo hili huanza kwa kuinua mdomo wa mnyama na kutazama ufizi, kisha weupe wa macho, kisha tumbo penye manyoya haba. Anatafuta madoa mekundu yenye ukubwa wa kichwa cha pini, yasiyopotea ukiyabonyeza. Mashine ya kuhesabu si lazima iwepo. Tone la damu lililotandazwa kwenye kioo na kutiwa rangi linatosha: kwa mbwa, kila chembe sahani inayoonekana kwenye uwanja mmoja wa lenzi ya mafuta huwakilisha takriban 15,000 katika maikrolita moja ya damu. Ukiona kumi na kuendelea, tulia. Ukiona moja au mbili, mnyama huyo yuko hatarini. Ila kabla ya kutangaza msiba, tazama na kingo za kioo, maana chembe sahani za paka hasa hupenda kugandamana zenyewe, na mashine hudhani hazipo.

Huko Ulaya watafiti walianza na washukiwa wa kawaida. Sumu kwenye malisho? Haikupatikana. Virusi? Kwa muda kimoja kilishukiwa, lakini ndama wengi wagonjwa hawakuwa nacho. Dokezo lililosaidia lilitoka bandani: ng'ombe aliyewahi kuzaa ndama wa namna hiyo aliweza kuzaa mwingine, naye mwenyewe mzima wa afya. Tena ndama walizaliwa wazima. Basi watafiti wakachukua dang'a, yaani maziwa ya kwanza, ya ng'ombe hao, wakawanywesha ndama wasio na udugu nao. Ndama hao nao wakaugua.

Kwa mfugaji yeyote hapo pana mshtuko. Dang'a ndiyo kinga ya kwanza ya ndama. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili, kwa hiyo ndama huzaliwa karibu mtupu na hutegemea kuzinyonya katika saa chache za mwanzo, kabla utumbo wake haujafunga mlango. Sasa katika kingamwili hizo kulikuwa na zilizokuja kuua. Zilishika chembe sahani na chembe nyeupe za ndama, kisha zikaenda hadi kwenye uboho na kuangamiza seli zinazozizalisha. Ndama alibaki na akiba ndogo, nayo ikaisha siku baada ya siku. Ndipo wiki ya pili tundu la hereni likafunguka. Chembe nyekundu huishi miezi, kwa hiyo pengo lao halikuonekana mapema.

Mama alizipata wapi? Watafiti walirudi kwenye daftari za chanjo. Wengi wa mama hao walikuwa wamechanjwa kwa PregSure BVD dhidi ya virusi vinavyoleta kuhara kwa ng'ombe. Virusi vya chanjo hiyo vilikuzwa ndani ya seli za figo za ng'ombe, na mabaki ya seli hizo yalibaki ndani ya dawa pamoja na kichocheo kikali cha kinga. Mwili wa ng'ombe ukajifunza kupigana na virusi, na papo hapo ukajifunza kupigana na alama za utambulisho za ng'ombe mgeni. Alama zake mwenyewe haukuzigusa. Ndama, hata hivyo, nusu ya alama zake amezirithi kwa fahali, na zikifanana na za seli zile, dang'a ya mama humgeuka. Chanjo iliondolewa sokoni Ulaya mwaka 2010, na New Zealand mwaka 2011.

Sioni hapa hoja ya kuogopa chanjo. Bidhaa moja ilitengenezwa kwa namna moja, na ni hesabu za wafugaji na madaktari zilizoigundua. Kwetu mnyama anayevuja damu ana maelezo mengine ya kuanza nayo. Kenya imeandika aina kali ya nagana, ya Trypanosoma vivax, ambapo chembe sahani huporomoka na ng'ombe kuvuja damu masikioni. Ugonjwa wa Ondiri, uliopewa jina la kinamasi kilicho karibu na mji wa Kikuyu, hujaza madoa ya damu kwenye utando wa mdomo. Na mbwa anayetokwa damu puani bila kupigwa mara nyingi ana kupe wa kahawia nyuma ya hadithi yake, na kijidudu kiitwacho Ehrlichia canis.

Vyovyote iwavyo, mnyama huyo asipewe aspirini. Dawa hiyo hulemaza kimeng'enya cha chembe sahani, na kwa kuwa chembe hizo hazina kiini, haziwezi kutengeneza kingine hadi zife. Damu ya kuongezwa nayo iwe mbichi, iliyotolewa sasa hivi kwa mnyama mwenye afya, kwani ya jokofu hupoteza chembe sahani zake hai upesi.

Ng'ombe wale wa Ulaya hawakupona kumbukumbu yao. Kingamwili ziliendelea kuonekana miaka kadhaa baada ya sindano ya mwisho, na ndama wakaendelea kuugua wakati chanjo haipo tena. Aliyetaka kubaki na ng'ombe wake alilazimika kumtenga ndama kabla hajanyonya, kumwaga dang'a ya mama, na kumnywesha ya ng'ombe mwingine ambaye hakuwahi kuchanjwa kwa dawa ile.