Fomu yangu ilisema "kuna kosa", mteja wa doti 24 akaondoka

Wadau, leo naongelea ule ujumbe mwekundu unaotokea mteja akikosea kujaza fomu ya oda. Najua wengi hatujawahi hata kuusoma wa kwetu. Mimi nilikuwa sijausoma mpaka uliponigharimu.

Mteja alikuwa Songea, anatafuta kanga za sare kwa harusi ya mdogo wake. Alinipata Instagram, akafungua fomu, akajaza kila kitu, akabonyeza "Tuma oda". Kimya. Akabonyeza tena, kimya. Kesho yake akanitumia picha ya skrini WhatsApp: "Dada fomu yako mbovu, nimeshanunua kwingine. Nilitaka doti 24."

Kwenye ile picha hakuna kosa lolote linaloonekana. Nikachukua simu, nikajaza kama alivyojaza yeye, nikabonyeza. Kweli, kimya. Ila nilipopandisha ukurasa hadi juu kabisa nikakuta maandishi mekundu: "Kuna kosa kwenye fomu, tafadhali sahihisha." Kosa lipi? Haisemi. Kumbe namba ya simu alianza na +255, fomu yangu inataka ianze na 0. Na kituo cha basi cha kupokelea mzigo hakuchagua. Mambo mawili ya sekunde kumi, oda imeenda.

Nikampigia kijana aliyenitengenezea tovuti. La namba alilimaliza haraka: sasa fomu inapokea 07, 06 au +255, hata ukiacha nafasi katikati, inajipanga yenyewe. Kosa linaloweza kurekebishwa na fomu halina haja ya kumsumbua mteja.

Kwa yale yanayobaki, tuliweka linki ndani ya ujumbe wenyewe. Mteja akikosea, ukurasa unampandisha juu kwenye kisanduku kinachosema "Kuna mambo 2 ya kurekebisha", na chini yake kila kosa ni linki: "Chagua kituo cha basi utakapopokelea mzigo." Akibofya, anashushwa moja kwa moja hadi sehemu hiyo, tayari kujaza. Maneno hayohayo yameandikwa pia pembeni ya sehemu yenye kosa, asijiulize kama amefika penyewe. Tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK, inatumia utaratibu huu na imeuweka wazi kwa yeyote kuiga. Unamsaidia sana hata mteja asiyeona, anayesomewa skrini na simu yake.

Kazi yenyewe si kubwa. Kila sehemu ya fomu ina jina lake la ndani, tuseme "kituo", na linki inaandikwa #kituo. Mwambie fundi wako hivyo, ataelewa. Ila kile kijiujumbe kinachochomoza chenyewe kwenye Chrome ukiacha sehemu wazi hakiwezi kubeba linki, kinapokea maandishi matupu tu. Kwa hiyo lazima ujumbe uwe wa kwenu, ndani ya ukurasa.

Halafu kuna makosa ambayo mteja hawezi kuyarekebisha kwa kuandika upya. Mfano barua pepe yake tayari ina akaunti kwako. Ukimwambia tu "barua pepe hii imeshatumika" umemfungia mlango. Mpe linki ya "Ingia kwenye akaunti yako", na nyingine ya "Nimesahau nywila". Au amechagua bodaboda na yuko Songea: mpe linki ya kubadilisha iwe basi. Na akikwama kabisa, linki ya WhatsApp. Hiyo unaandika wa.me/255 kisha tarakimu tisa za namba yako, bila alama ya kujumlisha na bila ile 0 ya mwanzo. Ukiongeza ?text= na maneno yako mwishoni, mteja anakuta ujumbe umeshaandikwa, yeye anatuma tu.

Sasa hapa ndipo nilipojikwaa mara ya pili. Niliweka linki ya kwenda ukurasa wa bei za usafirishaji. Nikajaribu kwa simu kutokea Instagram, nikasoma bei, nikarudi nyuma: fomu tupu! Jina, rangi, idadi, vyote vimefutika. Hiyo ni mbaya kuliko kosa lenyewe. Tuliiondoa, tukaziweka bei zifunguke palepale chini ya ujumbe bila kutoka kwenye fomu. Linki ya kuingia kwenye akaunti tumeiacha, ila fundi alihakikisha alichojaza mteja kinahifadhiwa kwanza.

Na usiandike "bofya hapa". Watu wamelizwa na matapeli wa linki hadi wanaogopa, na mimi siwalaumu. Linki iseme inakopeleka. Pia mwombe fundi asirudishe ndani ya ujumbe kile alichoandika mteja bila kukisafisha, maana mtu mwenye nia mbaya anaweza kupenyeza linki yake hapo ikaonekana ni yako.

Yule mteja wa Songea nilimtumia fomu mpya nikamwomba aijaribu, nikamwambia wazi simwombi anunue. Alijaza, akaacha kituo makusudi, akabofya linki, akanijibu: "Hii sasa inaongea." Harusi ilishapita, sare alinunua kwa mwingine.

Wanaotumia Google Forms, nanyi mnaweza kuandika ujumbe wenu wa kosa kwenye swali la jibu fupi, sehemu ya uthibitishaji wa majibu. Andikeni kwa Kiswahili, na mfano wa namba inavyotakiwa kukaa.

Leo usiku fungua fomu yako kwa simu, usitumie kompyuta, ijaze vibaya makusudi, kisha niandikie hapo chini imekuambia nini.