Madaraja Makongwe ya Chuma na Adui Asiyeonekana

Jioni ya tarehe 15 Desemba 1967, daraja lililovuka mto Ohio penye mji wa Point Pleasant, Marekani, lilianguka majini likiwa limejaa magari. Watu 46 walikufa. Daraja hilo, lililoitwa Silver Bridge, lilikuwa limetumika kwa miaka 39 tu. Huko Uskoti, daraja la reli la Forth, lililofunguliwa tarehe 4 Machi 1890, lingali likipitisha treni kila siku. Yafaa kuuliza kwa nini kijana alikufa, na mzee angali hai.

Silver Bridge lilining'inia kwenye minyororo ya vyuma virefu vyenye tundu kila ncha, vilivyounganishwa kwa pini. Kila pingili ya mnyororo ilikuwa na vyuma viwili tu. Ndani ya tundu moja mlikuwa na ufa wenye kina cha milimita 2.5 hivi. Ufa huo ulikuzwa na kutu pamoja na kile kiitwacho uchovu wa metali. Mwanafunzi aweza kuuona uchovu huo kwa kuchukua kipande cha waya na kukikunja huku na huku: hakikatiki mara ya kwanza, wala ya pili, lakini hatimaye hukatika, ingawa nguvu ya mkono haikuongezeka. Chuma kimoja kilipokatika, mwenziwe hakuweza kuubeba mzigo peke yake, na daraja zima likaporomoka. Ubaya ni kwamba ufa ule usingaliweza kuonekana bila ya kukifungua kiungo chenyewe.

Daraja la Forth lilijengwa na watu wenye hofu, na hofu hiyo ilikuwa na manufaa. Miaka michache kabla yake, tarehe 28 Desemba 1879, daraja la Tay katika nchi hiyo hiyo lilianguka katika dhoruba pamoja na treni iliyokuwa juu yake. Kwa hiyo wahandisi John Fowler na Benjamin Baker walitumia zaidi ya tani 50,000 za chuma cha pua na ribiti zipatazo milioni 6.5. Walikuwapo walioliona daraja hilo baya kwa unene wake. Lakini mabomba yake makuu yana kipenyo cha mita 3.66, hata mkaguzi aweza kuingia ndani na kutazama.

Adui wake mkubwa ni hewa ya bahari. Chuma hushika kutu kinapokutana na oksijeni na maji, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Ndiyo sababu mabati ya pwani huliwa upesi kuliko ya bara. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huisukuma rangi kutoka chini na kuipasua, na maji yakapata njia mpya. Kwa miaka mingi mafundi walipaka rangi juu ya rangi, hata Waingereza wakalifanya daraja hilo mfano wa kazi isiyokwisha. Kati ya mwaka 2002 na 2011 rangi yote ya zamani iliondolewa mpaka chuma kitupu, kikapakwa rangi ya epoksi yenye vipande vyembamba vya kioo. Vipande hivyo hulaliana kama magamba ya samaki, na tone la maji hulazimika kuzunguka njia ndefu kabla ya kukifikia chuma. Rangi hiyo ilitazamiwa kudumu kwa miaka isiyopungua 25.

Lakini rangi haizuii uchovu. Tangu mwaka 1971 Marekani ina kanuni za taifa za kukagua madaraja, zilizotungwa kwa sababu ya maafa ya Point Pleasant. Mkaguzi hutumia macho yake kwanza. Huigonga ribiti kwa nyundo na kusikiliza, kwani iliyolegea hutoa mlio tofauti na iliyokaza. Penye shaka hupaka maji ya rangi yapenyayo ndani ya nyufa, au hupitisha mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, ambayo hurudi upesi yakikutana na ufa kabla ya kufika upande wa pili wa chuma.