Maradhi ya Akili na Tiba Yake, Sehemu ya Tano: Mgonjwa na Jamaa Zake

Hukumu aliyoitoa Jaji Lawrence Mugambi katika Mahakama Kuu ya Nairobi tarehe 9 Januari 2025, kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua akanusurika kuwa mkosaji wa kustahiki jela, ni kinyume cha Katiba, imewafanya wasomaji kadhaa wa mfululizo huu waniulize swali moja kwa maneno mbalimbali: mgonjwa huyu akisha kutolewa mikononi mwa askari, atiwe mikononi mwa nani? Ni swali la insafu, na kwa ajili yake naiahirisha habari ya kifafa niliyoiahidi mwishoni mwa sehemu ya nne.

Mintarafu ya sheria yenyewe sina mengi ya kuongeza. Ililetwa na Waingereza, ikatiwa katika kanuni ya mwaka 1930, na Waingereza hao hao wakaifuta ya kwao mwaka 1961, kabla Kenya haijapata uhuru. Hivyo kwa zaidi ya miaka 60 tuliendelea kuwapeleka kizimbani watu waliolemewa na sonona kwa sheria ambayo wenyewe walioitunga walikwisha kuitupa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya na chama cha madaktari wa akili, waliokwenda mahakamani kuipinga, wanastahiki shukrani zetu sote. Lakini jaji humtoa mtu rumande tu, na kumponya ni kazi ya wengine. Na rai yangu, niliyoishikilia muda mrefu na ambayo kila nisomacho kinaitia nguvu, ni kwamba kazi hiyo haitimii ila tabibu na jamaa za mgonjwa waishike pamoja, na kwamba mafunzo ya matabibu wetu yapangwe kwa kulizingatia jambo hilo tangu siku ya kwanza. Ili nieleweke sina budi kusimulia habari za hospitali ya Aro nchini Nigeria, na kabla ya Aro nimtaje mtu mmoja wa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Nairobi.

Kuanzishwa kwa Mathari mwaka 1910 nilikueleza katika sehemu ya pili. Mwaka 1938 hospitali hiyo ilikabidhiwa J. C. Carothers, tabibu wa kawaida wa serikali ya kikoloni, ambaye siku alipoipokea kazi hakuwa amesomea maradhi ya akili. Huyu, baada ya kuwatazama kwa miaka mingi watu waliokuwa wametengwa na aila zao, lugha zao na mashamba yao, aghalabu waliofikishwa pale na polisi, alitunga kitabu kilichochapishwa mwaka 1953 na Shirika la Afya Duniani, akidai kwamba Mwafrika mzima, asiye na ugonjwa wowote, hufanana kwa fikra na Mzungu aliyepasuliwa ubongo akakatwa nyuzi za sehemu ya mbele. Na kwamba sonona ni nadra sana kwa watu weusi. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilipokea kutoka kwake taarifa nyingine, ya kueleza Mau Mau kana kwamba kudai ardhi iliyoporwa ni dalili ya ugonjwa. Mimi naliita jambo hilo fedheha ya ilimu. Kosa lake kubwa, ukiacha ubaguzi uliokuwa umeenea zama zile, lilikuwa kosa la mahali aliposimama: wale wenye huzuni iliyokithiri, waliolala majumbani wakihudumiwa na mama zao bila kumsumbua mtu, hakuna askari aliyewahi kumletea Carothers hata awaone.

Mwaka 1954, wakati kitabu hicho kingali kinasifiwa, Thomas Adeoye Lambo, Myoruba mzaliwa wa Abeokuta wa mwaka 1923, aliyesomea utabibu Birmingham na maradhi ya akili London, alirejea mji wake kuisimamia hospitali ya Aro. Mjini hapo palikuwa tayari na nyumba ya wagonjwa wa akili, Lantoro, iliyokuwa jela, na ambayo tangu 1944 ilipokea askari waliorudi kutoka vitani wakiwa wamevurugikiwa. Hospitali mpya ilikuwa bado haijakamilika, na wagonjwa wako mlangoni. Mtu mwingine angaliandika barua kwa wakubwa akaketi akingoja majibu. Lambo alitoka akawaendea wazee wa vijiji vilivyoizunguka Aro, akafanya nao mapatano.

Mapatano yenyewe yalikuwa hivi. Wanakijiji watawapangisha wagonjwa vyumba katika nyumba zao. Kila mgonjwa atakuja na jamaa yake mmoja kwa uchache, mama, dada, kaka au shangazi, aliye tayari kumpikia, kumfulia, kumfikisha hospitalini asubuhi na kumrudisha jioni. Mwenye nyumba atapata kodi yake, na akitaka kuongeza vyumba atakopeshwa fedha. Kijiji nacho kitaletewa maji safi, kitachimbiwa vyoo, na mbu watapigwa vita. Naomba msomaji atue hapa kidogo, kwani hekima ya mpango huu iko katika mambo haya madogo madogo ya mabomba na kodi. Watu ambao wangaliweza kumrushia mawe mwenda wazimu apitaye njiani walijikuta wana haja naye: maji waliyoyanywa yalikuja kwa sababu yake, na chumba kipya cha uani kilijengwa kwa ajili yake. Huruma huhubiriwa sana na hudumu kidogo, lakini Lambo aliipa huruma ya wanavijiji mahali pa kukaa na posho ya kuishi.

Basi siku ya mgonjwa wa Aro ilikwendaje? Alfajiri aliamka katika chumba cha udongo kama cha kwao, akasikia watu wakisalimiana kwa namna anayoifahamu. Asubuhi alikwenda hospitalini, akapewa dawa au, kwa desturi ya wakati ule, mshtuko wa umeme, akazungumza na tabibu, na jamaa yake akaulizwa naye: amelala? amekula? jana alimgombeza nani? Alasiri alirejea kijijini akashika jembe, au akakaa penye ngoma pamoja na wenyeji, na usiku akala chakula kilichopikwa na mtu aliyejua tangu utoto wake ni kitoweo gani hakipendi. Na siku ya kupona, yule jamaa aliyerudi naye nyumbani alikuwa amekwisha kujifunza, kwa kutazama na kuuliza, jinsi ya kumpa dawa na dalili zipi za kuchelea, hata mgonjwa hakurudi kwa watu wanaomwogopa.

Lambo aliwaita pia waganga wa jadi washirikiane naye, kwa sababu walijua mambo ya koo na mila ambayo tabibu kijana kutoka London hakuyajua, na jambo hilo wapo waliomlaumu kwalo. Mimi naona alifanya sawa, maadamu dawa zilibaki chini ya hukumu ya matabibu na waganga walifanya kazi mbele ya macho yao. Mwaka 1961 aliwakusanya Abeokuta wataalamu wa maradhi ya akili kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, mkutano wa kwanza wa namna yake barani. Pia yeye na Mmarekani Alexander Leighton walipita katika vijiji vya Wayoruba na mjini Abeokuta wakiwahoji watu majumbani mwao, na kitabu walichokitoa mwaka 1963 kilionyesha kwamba dalili za sonona zilikuwa tele miongoni mwa watu ambao Carothers alisema hawaujui ugonjwa huo ila kwa nadra. Jibu lililomshinda Carothers lilipatikana kwa kubisha hodi.

Siwezi kuipita Aljeria bila kuitaja, ingawa nafasi ni finyu. Frantz Fanon, aliyekuwa tabibu wa akili katika hospitali ya Blida kuanzia 1953 hadi 1956, alipanga sinema, gazeti la wagonjwa na kazi za mikono. Mpango huo ukawafaa wanawake wa Kizungu, ukashindwa kabisa kwa wanaume Waislamu. Akatanabahi kwamba kosa halikuwa la wagonjwa, akawafungulia mkahawa wa kienyeji wa kukaa na kuzungumza, na dini yao ikapewa nafasi yake hospitalini. Sisi watu wa baraza na kahawa chungu tunaelewa bila kufafanuliwa kwa nini mtu aliyenyamaza wodini alianza kusema mkahawani.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Shirika la Afya Duniani lilianza kuwafuatilia wagonjwa 1,202, wengi wao wa skizofrenia, katika nchi 9, zikiwemo Nigeria, India, Uingereza, Marekani na Denmark. Na baada ya miaka 2, kisha miaka 5, ikaonekana kwamba wagonjwa wa Ibadan na Agra walikuwa na hali njema zaidi kuliko wengi wa nchi tajiri. Wengi walisema ni baraka ya aila kubwa. Lazima niseme kweli kwamba mwaka 2008 wataalamu kadhaa, na miongoni mwao Oye Gureje wa Ibadan mwenyewe, walitahadharisha kwamba matokeo hayo yamechukuliwa kwa urahisi mno, kwani katika nchi maskini wagonjwa wengi hufa mapema, hutelekezwa au hawatibiwi kabisa. Tahadhari hiyo naikubali, na naichukua kuwa hoja ya upande wangu: aila peke yake haitoshi, kama vile dawa peke yake isivyotosha. Nani anayemfunga kijana mnyororo mguuni katika kibanda cha nyuma ya nyumba? Ni jamaa zake. Nani asiyemtaja siku wachumba wa dada yake wanapokuja, wakahofia posa itavunjika? Ni sisi. Jamaa asiyefundishwa huwa bawabu wa jela nyingine, na dhambi hiyo hatuwezi kuibandika kwa mkoloni.

Lakini hospitali nyingi humfukuza hata jamaa aliye tayari. Katika hospitali moja, ambayo sina haja ya kuitaja, nilimwona mama mtu mzima ameketi chini ya mwembe nje ya lango, bakuli la uji limefunikwa kwa kawa, leso imetandikwa juu ya mizizi. Alikuwa amefika kwa basi la usiku, na saa ya kutazama wagonjwa ilikuwa alasiri. Uji ule ulipoa mbele yangu. Ndani, tabibu kijana mwenye bidii alikuwa akijaza fomu kuhusu maisha ya yule mwana, na penye swali la ugonjwa ulivyoanza aliandika kwamba hakuna wa kutoa maelezo.

Kuhusu utafiti na mafunzo ya leo nitasema kwa ufupi. Wachunguzi wa Kilifi na Eldoret, pamoja na wenzao wa Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, wamekusanya mate ya maelfu ya watu, wagonjwa na wazima, ili kutafuta vinasaba vinavyohusiana na skizofrenia na maradhi yaliyo karibu nayo, kwa kuwa ilimu hiyo ilijengwa karibu yote juu ya damu ya watu wa asili ya Ulaya. Ni kazi tukufu, na matunda yake yatachukua muda kufika kitandani. Nairobi, Makerere na Muhimbili zinasomesha madaktari bingwa wa akili, lakini wahitimu ni wachache mno kwa mamilioni yetu, na wengi hubaki katika miji mikubwa. Kwa hiyo tangu 2008 Shirika la Afya Duniani linahimiza wauguzi na maafisa tabibu wa zahanati wafundishwe kuyatambua na kuyatibu maradhi haya. Nchini Zimbabwe Dixon Chibanda alikwenda mbele zaidi: aliwafundisha bibi wazee wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia mwenye dhiki kulichagua tatizo moja na kulitafutia njia. Jaribio lililotangazwa mwaka 2016, katika zahanati 24 zenye wagonjwa 573, lilionyesha kwamba baada ya miezi 6 wenye dalili za sonona waliohudumiwa na mabibi hao walikuwa asilimia 14, na wale wa huduma ya kawaida asilimia 50. Mpango huo umekwisha kufika Malawi na Zanzibar.

Kenya iliwahi kuambiwa mwaka 2020, na jopo lililoundwa na serikali yenyewe, kwamba hali ya afya ya akili ni janga la taifa, na mwaka 2022 ikarekebisha sheria yake ya afya ya akili; sasa mahakama imefanya sehemu yake. Kwa walimu wa vyuo vyetu vya utabibu ombi langu ni hili: kila mwanafunzi wa maradhi ya akili, kabla ya kupewa shahada, apelekwe kukaa kwa miezi kadhaa penye wagonjwa na jamaa zao, nje ya wodi, naye apimwe kwa aliyojifunza huko kama anavyopimwa kwa majina ya dawa. Kwa serikali za kaunti na halmashauri: kila hospitali yenye wodi ya akili ijengewe nyumba ya jamaa, yenye jiko, maji na mahali pa kulala, na jamaa afundishwe kwa utaratibu, kwa Kiswahili chepesi, kabla mgonjwa hajatoka. Na wewe msomaji, ikiwa unakaa jirani na hospitali ya namna hiyo na una chumba cha kupangisha, mpangishe mama wa mgonjwa kwa kodi ya haki, usimwulize mwanawe ana nini, na umwonyeshe pa kuchota maji.