Duka la Mtu Mmoja: Mafunzo kwa Anayeanza

Wakulima wengi katika mashamba ya settlement hufikiri kufungua duka dogo kando ya barabara. Fikira hiyo ni nzuri. Fedha za maziwa huja mwisho wa mwezi, na za mahindi huja baada ya mavuno, lakini sukari na sabuni hununuliwa kila siku. Duka laweza kuleta shilingi wakati shamba halina kitu.

Lakini maduka mengi hufunguliwa kwa furaha na kufungwa kimya kimya. Mara nyingi wanunuzi walikuwapo. Kosa ni kwamba mwenye duka, ambaye yeye peke yake ndiye karani, ndiye mwuzaji na ndiye mwenye mali, alidhani kwamba fedha zote zilizomo sandukuni ni zake.

Hesabu ya mfuko mmoja

Tuseme umenunua mfuko wa sukari wa kilo 50 kwa shilingi 6,500. Nauli na karatasi za kufungia ni shilingi 200. Basi umetoa shilingi 6,700. Ukiuza kila kilo kwa shilingi 140, utapata shilingi 7,000. Faida yako ni shilingi 300 tu. Zile 6,700 si zako. Ni za kununua mfuko mwingine.

Sasa tazama mambo yanavyokwenda. Kilo moja imepotea kwa kumwagika na kwa kupima kupita kiasi. Kilo nyingine imechukuliwa na mtoto aliyetumwa kutoka nyumbani. Hizo ni shilingi 280, na faida iliyobaki ni shilingi 20. Kisha jirani amechukua kilo tatu kwa deni, yaani shilingi 420. Mfuko umekwisha, na sandukuni mna shilingi 6,300. Huwezi kununua mfuko mwingine, na hakuna mtu aliyeiba.

Daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la shule na uligawe sehemu tatu: fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, na madeni. Andika kila jioni kabla ya kufunga mlango. Usingoje Jumapili, kwa maana utakuwa umesahau.

Kila kitu kinachokwenda nyumbani kiandikwe na kilipwe, hata kama ni kiberiti. Badala ya kuchota sandukuni kila unapohitaji, jilipe mshahara mdogo kila wiki kutoka katika faida. Karo ya shule na fedha za dawa zitoke katika mshahara huo au katika maziwa, wala si katika fedha za mfuko ujao.

Jambo hili si geni kwetu. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, wazee waliopewa mashamba walikuwa na mkopo wa kulipia ardhi na mkopo wa kuendeleza shamba. Aliyetenga fedha za mkopo kabla ya kutumia alilala usingizi. Aliyekula kwanza alisumbuliwa na barua za madai. Fedha za duka nazo ni hivyo hivyo.

Deni la jirani

Kukopa harusi, kulipa matanga. Hata hivyo, huwezi kuishi na watu na kuwanyima wote, hasa wakati fedha za maziwa hazijafika. Basi weka mpaka. Amua tangu mwanzo ni shilingi ngapi zaweza kukaa nje bila duka kukwama, na zikifika hapo usikopeshe tena. Andika deni mbele ya mwenye kukopa, naye aone. Ambaye hajalipa la kwanza asipewe la pili. Sema kwa upole: "Mama, mpaka wa mwezi huu umefika. Ukilipa lile la kwanza nitakupa lingine." Atakasirika leo, lakini atakuja kesho akikuta duka lingali wazi.

Fedha za simu

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha nyingi za duka hupita katika simu. Hapo ni rahisi sana kuchanganya, kwa sababu fedha za sukari, mchango wa harusi na fedha kutoka kwa mwanao wa mjini hukaa pamoja. Tumia nambari moja kwa duka na nyingine kwa nyumba. Kila jioni linganisha simu na daftari.

Saa za duka na saa za ng'ombe

Mtu mmoja hawezi kuwa mahali pawili. Ng'ombe anayekamuliwa leo mapema na kesho kwa kuchelewa hupunguza maziwa, na shamba lisilopaliliwa kwa wakati hutoa mavuno haba. Usiache shilingi nyingi za shamba kwa kufuata chache za duka. Bandika saa mlangoni, kwa mfano saa nne hadi saa tisa, na tena jioni baada ya kukamua. Wanunuzi watazoea saa zako, mradi wewe mwenyewe huzivunji.

Leseni na mizani

Kabla ya kufungua, pata leseni ya biashara kutoka serikali ya kaunti. Mizani yako ikaguliwe na kupigwa muhuri na afisa wa vipimo kila mwaka. Mizani ya kweli yakulinda wewe pia, maana inayozidisha hula faida yako bila kukuambia.

Jipime mwenyewe

Anza na vitu vichache vinavyotoka upesi: sukari, chumvi, sabuni, unga, majani ya chai. Baada ya miezi mitatu, funga duka siku moja na uhesabu. Jumlisha bei uliyonunulia bidhaa zilizobaki, fedha za sandukuni na za simu, na madeni ambayo una hakika yatalipwa. Toa unachodaiwa. Ikiwa jumla imepita fedha ulizoanza nazo, duka linakwenda mbele. Ikiwa imepungua, daftari litakuonyesha palipovuja. Ziba hapo kwanza, kisha ndipo ufikirie kuongeza rafu.